Maporomoko ya udongo magharibi mwa Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa kwenye mabaraza, kwenye vikundi vya WhatsApp vya vijiji, na na jamaa walioko Kisumu, Nakuru au Eldoret ambao wazazi wao bado wanaishi mlimani. Majibu yameandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi chini ya mteremko, anayelima juu yake, au anayepanda Cherangani, Elgon na ukingo wa Elgeyo kwa matembezi. Kuna jambo litakalorudiwa kwa makusudi: uamuzi wa kuhama au kugeuka nyuma hufanywa mchana, kabla mvua haijaanza. Mtu aliyeamshwa na mngurumo saa nane usiku hana tena cha kuamua.

Kwa nini mteremko uliosimama miaka yote uanguke ghafla?

Udongo husimama mteremkoni kwa sababu chembe zake zimebanana na mizizi imezifunga pamoja. Mvua ikinyesha siku nyingi, maji hujaza nafasi zilizo kati ya chembe hizo. Yakikosa njia ya kutoka, huzisukuma zitengane, na wakati huohuo huuongezea udongo uzito. Mara nyingi udongo hukatikia pale unapokutana na mwamba au tabaka gumu, kwa kuwa maji yanayozama hukwama hapo.

Hii ndiyo sababu watu hushangaa. Mvua kubwa ya mwanzo wa msimu ilipita salama, kisha mvua ya kawaida tu ya wiki ya nne ikaangusha kilima. Ile ya kwanza ilikuta ardhi kavu. Hii ya pili ilikuta ardhi imeshiba.

Tena, kilima hicho si kile cha miaka yote. Babu alikiacha na msitu. Leo kina shamba la mahindi hadi kileleni, barabara iliyokatwa na tingatinga, nyumba zilizochimbiwa ubavuni, na maji ya mapaa ya mabati yanayomwagika sehemu moja kila mvua inaponyesha.

Ni sehemu zipi zilizo hatarini zaidi?

Ukingo wa Elgeyo hushuka zaidi ya mita 1,000 kutoka upande wa Iten hadi sakafu ya Bonde la Kerio, na vijiji vingi viko chini yake kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025 maporomoko yalipiga eneo la Chesongoch, Marakwet Mashariki, na kuua zaidi ya watu 20. Aprili 2020 Chesegon, mpakani mwa Elgeyo Marakwet na Pokot Magharibi, ilifagiliwa na tope na mawe. Kabla ya hapo, usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, vijiji vya Pokot Magharibi kama Nyarkulian, Parua na Muino vilipoteza zaidi ya watu 40. Madaraja na barabara vilikatika, kwa hiyo msaada ulichelewa kuwafikia waliokuwa bado hai.

Mlima Elgon una hatari ya aina yake. Ni volkano ya kale, na majivu yake yamekuwa udongo mzito wa mfinyanzi unaohifadhi maji kwa muda mrefu. Upande wa Uganda, tarehe 1 Machi 2010, kijiji cha Nametsi wilayani Bududa kilifukiwa, na watu zaidi ya 100 wakafa. Upande wetu wa Bungoma una mlima uleule na udongo uleule.

Hata Kakamega, ambako wengi hawadhani kuna hatari, kuna Khuvasali. Agosti 2007 mteremko uliporomoka hapo na kuua watu. Tutarudi Khuvasali kwenye swali la uokoaji, kwa sababu kilichotokea pale kila mwanakijiji anapaswa kukijua.

Ukitaka kujua kama mahali pako pana hatari, anza na wazee. Ardhi iliyowahi kuanguka huwa na kawaida ya kuanguka tena. Uliza: mawe haya makubwa yaliyotapakaa shambani yalifikaje? Kwa nini hapa chini ya korongo ardhi imetanuka kama upepeo wa kupepea moto na udongo wake una rutuba kuliko kwingine? Mara nyingi jibu ni kwamba mlima ndio uliouleta. Ardhi hiyo hupendwa kwa kilimo na kwa ujenzi kwa sababu ni tambarare na ina maji karibu, na tope la siku zijazo litapita njia ileile.

Mteremko uwe mkali kiasi gani ndipo niogope?

Maporomoko mengi ya udongo huanzia kwenye miteremko ya digrii 20 hadi 40. Ikizidi sana hapo, udongo huwa haukai na unabaki mwamba, na hatari inakuwa ya mawe yanayobingirika, kama wanavyojua watu wa vilima vya Maragoli.

Unaweza kupima bila kifaa cha bei. Chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa mita moja na pimamaji ya fundi wa mawe. Ncha moja ya ubao iguse ardhi upande wa juu, na nyingine iwe hewani upande wa bonde. Ulaze ubao hadi pimamaji ionyeshe uko sawasawa, kisha pima kwa futi ya kushonea kutoka ncha iliyo hewani moja kwa moja hadi chini. Ukipata sentimita 36, mteremko wako ni digrii 20. Sentimita 58 ni digrii 30. Sentimita 70 ni digrii 35, na sentimita 100 kamili ni digrii 45. Pima sehemu kadhaa, maana kilima kimoja huwa na sura nyingi. Simu nyingi pia zina programu ya kupima mwinamo, nayo inatosha ukiilaza juu ya ubao.

Kanuni za kilimo za Kenya za tangu miaka ya 1960 zilikataza kulima bila idhini ardhi yenye mwinamo unaozidi asilimia 35. Kwa ubao wetu hizo ni sentimita 35, yaani karibu digrii 19. Walioandika kanuni hiyo walikuwa wakifikiria mmomonyoko zaidi ya maporomoko, lakini mpaka waliouweka ni mzuri kwa yote mawili. Tembea Cherangani au Elgon leo na ubao huo mkononi, uone mahindi yamepandwa wapi.

Usijidanganye kwamba uko salama kwa kuwa nyumba yako iko kwenye tambarare. Tope likishaanza kwenda hufuata korongo na kumwagika mbali sana na pale lilipoanzia. Angalia mteremko ulio juu yako, na angalia korongo linaelekea wapi.

Mvua kiasi gani ni nyingi mno?

Hakuna namba moja inayofaa kila kilima, na anayekupa namba moja hajakiona kilima chako. Lakini unaweza kuijua mvua ya kwako, na hilo ni jambo kubwa.

Tafuta mkebe wenye pande zilizonyooka na mdomo ulio sawa na kitako. Uweke mahali pa wazi, mbali na mti na paa, juu ya kigingi ili matone ya chini yasirukie ndani. Kila siku saa tatu asubuhi, pima kina cha maji kwa rula, andika, mwaga, rudisha. Milimita moja ndani ya mkebe ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba ya ardhi. Robo ekari ina karibu mita za mraba 1,000. Kwa hiyo usiku mmoja wa milimita 60 umeiwekea robo ekari ya mteremko karibu tani 60 za maji. Sehemu ya maji hayo hutiririka, na sehemu huzama na kukaa.

Daftari ndilo litakalokusaidia. Mvua ya jana peke yake haitoshi. Jumlisha na ya wiki mbili zilizopita. Mimi naona hivi: ikiwa ardhi imeloa kwa zaidi ya wiki moja, chemchemi zimefufuka, na sasa mkebe umepata milimita 50 kwa siku moja, familia iliyo chini ya mteremko mkali ilale kwingine usiku unaofuata. Watakaolala kwingine mara kadhaa bila kilima kuanguka watanung'unika. Wanung'unike.

Utabiri wa hali ya hewa unasaidia kweli?

Unasaidia. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila siku, wa wiki na wa msimu, na hutoa tahadhari ya mvua kubwa ikitaja kaunti na tarehe. Kila kaunti ina ofisi yake ya hali ya hewa, na redio zinazotangaza kwa lugha za nyumbani husoma taarifa hizo. Tahadhari ikitaja kaunti yako na ardhi yako tayari imeshiba, usingoje nyingine.

Ila utabiri wa kaunti haujui korongo lako. Mvua ya milimani huweza kumwagika upande mmoja wa ukingo na kuacha ng'ambo ikiwa kavu. Ndiyo maana mkebe una kazi yake.

Kumbuka pia kwamba magharibi hakufuati kalenda ya Nairobi. Zaidi ya mvua ndefu za Machi hadi Mei na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, sehemu kama Bungoma, Kakamega na Trans Nzoia hupata mvua nyingi katikati ya mwaka. Khuvasali ilianguka Agosti.

Ni dalili gani zinaonyesha kilima kinataka kuanguka?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote, na majibu yake mengi mwenye shamba huyaona kabla ya mtaalamu yeyote.

Ufa ni dalili ya kwanza. Tafuta nyufa zinazokata mteremko kwa upana, hasa zilizopinda kama mwezi mchanga, pembe zake zikielekea bondeni. Ufa wa jua hujifunga mvua inaponyesha. Huu mwingine hupanuka. Usiamini macho: piga vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake kwa futi ya kushonea na uandike. Pima tena kesho saa ileile. Ukiongezeka, hata kwa sentimita moja, mwite naibu chifu aje aone na uanze kuhamisha watu. Ukiongezeka huku mvua ikinyesha, ondoka siku hiyohiyo.

Nyumba nayo husema. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri unaanza kukwama, dirisha halirudi, ukuta wa udongo unapasuka kwa mshazari, sakafu inaachana na ukuta. Nje, nguzo za ua zilizopangwa mstari mmoja zimepinda, nyaya za umeme zimelegea upande mmoja na kukaza upande mwingine, miti imeinama pamoja kuelekea bondeni. Mti uliopinda kwenye shina kisha ukanyooka juu unaonyesha kwamba ardhi imekuwa ikisogea polepole kwa miaka mingi.

Tazama maji. Chemchemi mpya imetokea mahali ambapo hapajawahi kuwa na maji. Ya zamani imekauka mvua ikiwa inanyesha. Maji ya kisima yamegeuka tope. Sehemu ya shamba inalowa na kudidimia unapoikanyaga. Huko Marakwet kuna mifereji ya kumwagilia maji iliyochimbwa na mababu, nayo hupita ubavuni mwa ukingo. Mfereji unaovuja unaweza kuunywesha mteremko usiku na mchana bila mtu kuona, kwa hiyo upitiwe wote kabla ya msimu wa mvua.

Dalili mbili hazina muda wa kujadiliwa. Moja ni mto au korongo kupungua maji ghafla huku mvua ikiendelea. Wengi hufurahi wakidhani mafuriko yamekwisha. Huenda juu huko udongo umeanguka ukaziba njia, na maji yanajikusanya nyuma yake. Ya pili ni sauti: mngurumo unaokaribia, mawe yanayogongana, miti inayovunjika. Ukisikia au kuona lolote kati ya hayo, usirudi ndani kuchukua kitu.

Nchi za theluji pia zina maporomoko. Kuna lolote la kujifunza kwao?

Lipo, na ni kubwa. Huko Uswisi, Austria, Ufaransa na Norwe watu hupanda milima wakati wa baridi na kuteleza kwa ski nje ya njia zilizotengenezwa. Kinachowaua ni mporomoko wa theluji. Kila siku ya msimu, taasisi zao hutoa taarifa ya hatari kwa ngazi tano, kuanzia 1 ya hatari ndogo hadi 5 ya hatari kubwa mno, zikieleza ni upande gani wa mlima na kuanzia kimo gani. Miteremko wanayoihofia zaidi ni ya digrii 30 hadi 45. Hutazama theluji mpya imeanguka kiasi gani, upepo umeirundika upande upi, na joto limepanda vipi. Hata huchimba shimo kwenye theluji waone kama kuna tabaka dhaifu lililofukiwa chini ya tabaka gumu.

Tofauti iko kwenye kinachoanzisha. Katika ajali nyingi za theluji, uzito wa mtu mwenyewe au wa mwenzake ndio uliovunja tabaka dhaifu. Kwetu kinachoanzisha ni maji, na waliofukiwa mara nyingi walikuwa wamelala. Mtu wa ski anaweza kubaki nyumbani siku ya ngazi ya 4. Mwenye boma chini ya ukingo yuko ndani ya hatari hata akiwa amekaa jikoni, na kwa hiyo anahitaji taarifa hiyo kuliko mtu wa ski.

Ninachotaka tuwaige ni utaratibu wao. Wanaamua nyumbani, asubuhi, kwa ushahidi ulioandikwa, na wanakubaliana mapema ni dalili ipi itawafanya wageuke bila mjadala. Sisi hatuna taarifa ya kila asubuhi kuhusu mteremko mmoja mmoja. Lakini kijiji chenye mkebe wa mvua, vigingi kwenye ufa na mtu mmoja anayeaminika wa kutuma ujumbe kila jioni kabla ya saa kumi kimeshajitengenezea ya kwake.

Mimi ni mtembeaji tu. Nizingatie nini nikienda milimani msimu wa mvua?

Anza alfajiri na uwe umeshuka kabla ya alasiri, kwa kuwa mvua nyingi za nyanda zetu za juu huanza baada ya saa saba mchana. Pita kwenye migongo ya vilima. Korongo liwe la kuvuka, na mvuke mmoja mmoja huku mwingine akitazama juu. Msipumzike wala kupiga hema chini ya ukuta uliokatwa kwa ajili ya barabara, kwenye mdomo wa korongo, au juu ya mawe na tope ambalo bado ni bichi. Mwongozo wa kijijini anajua ni njia ipi iliyolegea wiki iliyopita. Akikataa kwenda, mlipe ya siku yake na mrudi.

Mvua inayoua huenda haijanyesha ulipo. Kwenye korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, maji ya ghafla yaliua vijana wa kikundi cha kanisa mwaka 2012, na Septemba 2019 yakaua watu 7 wengine. Ndani ya korongo jembamba hakuna pa kukwepea. Wingu jeusi upande wa juu linatosha kuwa sababu ya kutoingia.

Ya Mai Mahiu yalikuwa maporomoko?

Yalikuwa maji yaliyofungwa kisha yakafunguka. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, pale ambapo njia yake ya chini ilizibwa na takataka, yalipasua na kushuka Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, na tope, mawe na miti. Zaidi ya watu 45 walikufa. Jina lolote utakaloliita, kagua kila daraja, kalavati na tuta lililo juu ya kijiji chenu kabla ya mvua. Kalavati iliyozibwa na magogo ni bwawa ambalo hakuna mhandisi aliyelipima. Vijana wa kijiji wanaweza kuizibua kwa siku moja wakati wa kiangazi.

Nikipanda miti, hasa mikaratusi, nitakuwa salama?

Miti husaidia pale ambapo mizizi inafika chini ya tabaka linaloweza kukatika. Mteremko wenye udongo wa mita tano juu ya mwamba haushikwi na mizizi ya mita moja. Miti ya kienyeji iliyochanganyika, yenye mizizi mirefu na mifupi, pamoja na mianzi na nyasi chini yake, hufanya kazi nzuri zaidi kuliko safu za mkaratusi zenye ardhi tupu katikati.

Hatari ambayo haisemwi ni ya kukata. Mti ukikatwa, mizizi haifi siku hiyo. Huoza polepole, na nguvu yake huisha miaka michache baadaye, wakati watu wameshasahau kwamba palikuwa na msitu. Anayevuna mikaratusi yote ya mteremko kwa mkupuo ili alipe karo anaukopa mteremko, na deni huja kudaiwa mvua kubwa itakapofika. Vuna kwa zamu, na acha ukanda wa juu na kingo za korongo bila kuguswa.

Na matuta ya kuzuia mmomonyoko je?

Kwenye mteremko wa wastani, fanya juu (matuta yanayojengwa kwa kutupa udongo upande wa juu wa mtaro) na nyasi za mabingobingo ni kazi njema. Kwenye mteremko mkali wenye udongo mzito, matuta yanayosimamisha maji yanayazamisha palepale tusipotaka. Hapo kinachohitajika ni mfereji wa juu unaoyakinga maji yasiingie shambani na kuyapeleka polepole hadi kwenye korongo lenye mawe. Afisa wa kilimo wa wadi akupimie mwinamo wa mfereji. Na kama ufa umeshatokea, uzibe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ili mvua isiingie moja kwa moja, huku ukiendelea na vigingi vyako. Kuuziba hakuusimamishi.

Nataka kujenga. Kiwanja nilichonacho ni cha mteremkoni tu.

Usichimbe ukuta wima nyuma ya nyumba ili upate tambarare. Umeondoa kilichokuwa kikishikilia udongo wa juu, ukalala chini yake. Kama lazima ukate, kata kidogo, laza ukuta, jenga kizuizi cha mawe chenye mashimo ya kutolea maji, na maji ya paa yaingie kwenye tangi na mtaro, yasimwagike nyuma ya nyumba. Choo na shimo la maji machafu visikae juu ya mteremko. Jenga mbali na mstari wa korongo, hata korongo likiwa kavu mwaka mzima. Chumba cha watoto kiwe upande wa bonde. Tope la kwanza huingia kwa ukuta wa mlimani.

Mama yangu hataki kuhama. Nimwambieje?

Kwanza msikilize. Udongo wa ukingo ni mzuri, makaburi ya wazee yako pale, na shamba halina hatimiliki itakayomfuata akihama. Katika Bonde la Kerio kuna pia familia zilizopanda juu kukimbia wizi wa mifugo. Kuwaambia warudi bondeni ni kuwapa hofu nyingine badala ya hii. Kumwita mtu kama huyo mkaidi ni kumkosea adabu, na hakumhamishi.

Usimwombe ahame milele. Mwombe alale kwa dada yake usiku wa mvua kubwa. "Mama, tukubaliane: mkebe ukifika hapa, unalala kwa mama mdogo, na kesho asubuhi nitakurudisha kwa bodaboda." Weka alama kwenye mkebe pamoja naye, aichore yeye. Panga ng'ombe atalala wapi, maana wazee wengi hubaki kwa ajili ya ng'ombe. Uhamisho wa kudumu ni kazi ya serikali ya kaunti na ya taifa, na ahadi za ardhi zimekuwa nyingi kuliko ardhi yenyewe. Endeleeni kuidai kwa maandishi kupitia chifu na mwakilishi wa wadi, huku mama akilala mahali pakavu.

Ikitokea usiku tumesikia mngurumo, tukimbilie wapi?

Pembeni. Mtu hawezi kulishinda tope kwa mbio za kushuka, kwa kuwa linafuata njia ileile anayoishika yeye. Toka nje ya mstari wa korongo na upande mgongo wa kilima ulio karibu. Watoto washikwe mikono, wasitangulizwe. Njia hiyo ipitiwe mchana na kila mtu wa boma, pamoja na bibi, ili kila mmoja aijue gizani. Kama hakuna nafasi ya kutoka, kaa upande wa nyumba ulio mbali na mlima, jikunje na ulinde kichwa.

Jirani amefukiwa. Tuanze kuchimba mara moja?

Hapa ndipo Khuvasali inapoingia. Watu walikimbilia kuokoa, na mteremko ukaanguka tena juu yao. Pengo lililoachwa na udongo wa kwanza huwa halina kinacholishikilia, na maji bado yanatoka ndani yake.

Kwa hiyo, kabla ya jembe la kwanza, weka mtu mmoja mwenye filimbi mahali salama anapouona mteremko wote. Kazi yake ni kutazama tu. Filimbi ikilia, wote wanatoka upande mliokubaliana. Waite waokoaji: Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa 1199, polisi kwa 999 au 112. Kisha uliza ni nani walikuwa ndani, walilala chumba kipi, na nyumba imesukumwa kuelekea wapi, maana mara nyingi watu hupatikana mita nyingi kutoka ilipokuwa nyumba. Nyamazeni wote kwa dakika moja na msikilize. Chimbeni mkitokea pembeni, kwa mikono na sepetu mnapokaribia. Haraka inahitajika sana: kwenye theluji, aliyefukiwa kabisa hubaki na nafasi nzuri kwa karibu dakika 15 tu, na tope ni zito kuliko theluji. Waliookolewa kwenye udongo mara nyingi walikuwa na uwazi wa hewa chini ya boriti au kitanda, kwa hiyo tafuteni hapo kwanza.

Tunaweza kurudi nyumbani lini?

Msirudi kwa sababu jua limewaka. Udongo wa chini huchukua siku nyingi kutoa maji. Subirini hadi vigingi visisogee kwa siku kadhaa mfululizo, chemchemi mpya zipungue, na afisa wa kaunti au mwanajiolojia apande juu aone pengo lenyewe, sio kulitazama kutoka barabarani. Mchana mnaweza kwenda kuchukua vitu, wawili wawili, mmoja akitazama mlima. Maji ya kunywa yachemsheni au yawekeni dawa, kwa kuwa vyoo vimefagiliwa ndani ya chemchemi. Na mkebe wa mvua urudishwe mahali pake siku hiyo ya kwanza, hata kabla ya mabati.